Nusu ya Alichokiona Amne

Kila siku kabla ya kwenda shule, Amne Adinani alichukua ndoo yake na kushuka bombani. Mtaa wa Mtakuja, ulioko pembezoni mwa mji wa Tabora, ulikuwa na bomba moja tu la mkono ambalo halikukauka hata mwezi wa kumi, wakati mashamba ya upande wa Itetemia yanapobaki vumbi tupu. Bomba hilo lilikuwa bondeni, nyuma ya nyumba ndefu ya kupangisha ya Mzee Ngollo, mwenyekiti wa mtaa. Lilikuwa limechakaa. Kila mpini uliposhushwa lilipiga kelele kama mbuzi anayeburutwa, na wanawake walirudi nyumbani wakijikanda mabega.

Amne alikuwa darasa la sita. Baba yake, Adinani, alikuwa fundi baiskeli pale njia panda. Mama yake, Mwamvita, aliuza maandazi. Amne mwenyewe alikuwa na kipaji kilichojulikana shule nzima: alijua kughani mashairi. Kwa hiyo Bi Julieth, afisa maendeleo ya jamii wa kata, alipoanzisha Klabu ya Ujirani Mwema pale shuleni, Amne ndiye aliyesimamishwa mbele ya wazazi siku ya uzinduzi. Alighani kwamba watu wasibaguane kwa rangi wala kwa kabila, wasiulizane mtu katoka wapi, kwa kuwa wote ni ndugu. Watu walipiga makofi. Mwamvita alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamvuka. Kila mtu alikuwa anamtazama Amne, na Amne aliona raha ambayo hakuwahi kuiona kabla.

Soda zilipokwisha watu walitawanyika, na mtaani mambo yakabaki vilevile.

Mtaa huo ulikuwa na familia moja iliyohamia kutoka Ulyankulu, palipokuwa makazi ya wakimbizi. Baba aliitwa Anton, fundi wa kufyatua matofali, na mkewe Advera. Walikuwa na binti mmoja, Asnath, aliyesoma darasa moja na Amne, na mtoto wa kiume wa miaka minne, Godbless, aliyependa kumkimbilia kila mtu anayepita na kumwamkia. Wazazi wa Anton walikimbia vita Burundi miaka mingi iliyopita. Anton alizaliwa Ulyankulu, alikuwa raia kama jirani zake wote, na Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko cha Amne, ambaye alijua salamu tu. Hata hivyo mtaani waliitwa Wakimbizi. "Matofali ya yule Mkimbizi," watu walisema. Shuleni Asnath alikaa dawati la nyuma, na mwenzake wa dawati aliomba kuhamishwa.

Amne hakuwahi kumtukana Asnath. Wala hakuwahi kukaa naye.

Alfajiri moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, Amne alifika bombani kabla ya wengine. Alimkuta Anton amepiga magoti. Kifuniko cha juu cha bomba kilikuwa kimefunguliwa, na kando yake palikuwa na kopo dogo. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo, Baba Asnath."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Ningoje kidogo nifunge." Alikaza nati ya mwisho akainuka. "Nimeweka grisi. Mke wangu kila siku analia mabega. Haya, jaribu."

Amne alishusha mpini. Ulishuka kimya kabisa, mwepesi, maji yakaruka ndani ya ndoo.

"Umeona? Halitawaumiza tena," alisema Anton, akicheka. Alisugua mikono kwa mchanga na majani, akainawa, akachukua kopo lake na kwenda kwenye tanuri lake la matofali.

Wanawake waliofika baadaye walishangaa. "Labda mvua imelainisha chuma," mmoja alisema. Amne alikuwa ameshakwenda shule. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mvua iliendelea kunyesha, kubwa, mchana na usiku. Halafu watoto wakaanza kuugua. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Mzee Ngollo, akifuatiwa na watoto wa wapangaji wake, kisha nyumba kwa nyumba. Waliharisha na kutapika mpaka wakashindwa kusimama. Kituo cha afya kilitangaza kwamba watu wachemshe maji ya kunywa, lakini kuni zilikuwa zimelowa na wengi walipuuza. Walichotaka kujua ni nani kauleta ugonjwa huo.

Jioni moja Amne alikuwa kwenye foleni ya maji. Wanawake walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini.

"Mtaa huu haukuwa na ugonjwa wa namna hii."

"Umekuja na waliokuja."

Amne alisikiliza. Hakuna aliyejali kwamba yupo. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi nilimwona Baba Asnath hapa alfajiri. Alikuwa na kopo."

Ndoo ziliwekwa chini. Wote waligeuka wakamtazama, kama siku ile ya shairi.

"Kopo? Kopo la nini?"

Amne alijua lilikuwa la nini. Jibu lilikuwa neno moja tu, nalo lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini alijua pia kwamba akilitamka, macho yale yote yatamwacha, wanawake watarudi kwenye mazungumzo yao, naye atakuwa mtoto kwenye foleni kama kawaida.

"Sijui," alisema. "Alikuwa amefungua bomba."

"Alimwaga kitu?"

"Sikuona vizuri. Alipoinuka alikuwa ananawa mikono."

Hakuna hata neno moja lililokuwa la uongo mtupu, isipokuwa lile "sijui". Amne alijiambia hivyo alipokuwa anapanda kilima na ndoo yake kichwani. Lakini neno likishatoka halirudi. Kabla ya giza kuingia, kopo lilikuwa limekuwa kopo la dawa. Asubuhi lilikuwa kopo la sumu, na walikuwapo watu walioapa kwamba na wao walimwona.

Kelele zilianza mapema. Amne, akiwa ndani kwao, alisikia kila kitu. Vijana walikuwa wamesimama bombani, na Mzee Ngollo alikuwa mbele yao.

"Anton," alisema Mzee Ngollo, "mpaka jambo hili lichunguzwe, wewe na watu wako msikanyage hapa."

"Mzee wangu, niliweka grisi! Grisi tu!" Anton alikuwa anapaza sauti. "Binti wa fundi baiskeli alikuwepo. Muulizeni!"

"Ndiye huyo huyo aliyekuona!" alijibu mtu, na wengine wakazomea.

Mwamvita alikuwa mlangoni, amefunga kanga kiunoni. "Mwanangu hana uongo," aliwaambia majirani. "Kaona kwa macho yake mawili."

Amne alifungua mdomo aseme, akaufunga.

Watu waliendelea kuchota, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kuchota. Watoto nao waliendelea kuugua. Lakini hakuna aliyejiuliza kwa nini ugonjwa haukomi ilhali mwenye kopo amekwisha kufukuzwa. Hasira ilikuwa imeshapata pa kutua.

Shuleni Asnath alikuja na sare isiyofuliwa. Wenzake walivuta madawati yao mbali naye. Wakati wa mapumziko alimfuata Amne nyuma ya jiko la shule, ambako hapakuwa na mtu.

"Baba alikuambia ni grisi," alisema. Hakuwa anapiga kelele. "Ulijaribu mpini wewe mwenyewe. Kwa nini husemi?"

"Nitasema," alijibu Amne, akitazama chini.

"Lini?"

"Leo. Nitamwambia mama leo."

"Tunachota kwenye shimo la udongo wa matofali," alisema Asnath. "Maji yake yana viluwiluwi. Mama anayachuja kwa kitambaa. Kuni zetu walizichukua wale vijana, hata kuyachemsha hatuwezi vizuri." Kisha akaondoka.

Jioni Amne alimkuta mama yake anakanda unga. "Mama, kuhusu lile kopo..."

"Usiogope, mwanangu," alidakia Mwamvita. "Hakuna Mkimbizi atakayekugusa. Mtaa mzima unakushukuru." Akampa andazi la moto.

Amne alilishika lile andazi mpaka likapoa. Kama angesema sasa, mama yake angewaambia nini majirani? Alijiahidi kwamba atasema kesho. Kesho yake akajiahidi hivyo hivyo.

Jumamosi Amne alikuwa kwenye karakana ya baba yake pale njia panda, anamshikia pampu. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa tope. Akamwona Advera anakuja mbio kutoka upande wa tanuri, bila viatu. Amembeba Godbless kifuani, amemfunika kanga. Alikwenda moja kwa moja kwa waendesha bodaboda waliokuwa wamepaki kivulini.

"Jamani, nisaidieni. Hospitali. Mtoto anakwisha."

Waendesha bodaboda walitazamana. Mmoja aliwasha pikipiki yake akaondoka bila abiria. Mwingine alisema, "Mama, na sisi tuna watoto nyumbani. Hatuwezi kupakia ugonjwa."

"Tangu asubuhi naomba!" alilia Advera. "Kila nyumba nimeomba! Mume wangu amekwenda kutafuta msaada kwa ndugu, sijui atarudi lini!"

Adinani aliweka spana chini. "Nyie vijana, mpelekeni mtoto," alisema.

"Mpeleke wewe kwa baiskeli yako, fundi," alijibiwa, na mmoja akacheka.

Adinani aliichukua baiskeli ya mteja iliyokuwa tayari, akamkalisha Advera nyuma kwenye keria, akaanza kukanyaga. Tairi zilizama kwenye tope. Amne alikimbia nyuma akisukuma. Kanga ilipoteleza aliuona uso wa Godbless. Macho yalikuwa yamezama ndani na midomo imepasuka. Mtoto aliyekuwa akimkimbilia kila mpita njia hakuwa hata na machozi.

Mbele kidogo walikutana na pikapu ya Yusufali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuwa anakwenda kupakia matofali kwa Anton. Alipoona hali ile alisimamisha gari katikati ya barabara na kufungua mlango kabla hawajamwambia kitu.

"Pandisha mbele, mama. Haraka! Fundi, na wewe panda."

Gari likageuka, matope yakiruka. Amne alibaki amesimama barabarani, ameshika baiskeli ya watu.

Baba yake alirudi jioni kwa miguu. Hakuitikia shikamoo. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Vipi mtoto?" aliuliza Mwamvita.

"Amekufa." Adinani alijifuta mikono kwenye suruali. "Daktari kasema maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Kasema kama angefikishwa asubuhi wangemuokoa."

Mwamvita alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Amne aliingia ndani, akajifunika gubigubi, lakini hata ndani ya shuka aliyaona yale macho yaliyozama.

Tabora msiba haumwangalii mtu kabila. Ukisikia kilio, unafunga duka, unakwenda. Lakini siku ya maziko ya Godbless, Mtakuja haikwenda. Walikuwepo ndugu kutoka Ulyankulu, Yusufali na mkewe Sultana aliyekuja na sufuria la wali, na Bi Julieth, ambaye habari zilimfikia akiwa safarini Urambo. Kutoka mtaani alikuwepo Adinani, ambaye ndiye aliyeshika jembe la kuchimbia. Amne alimfuata baba yake bila kuitwa. Alisimama mbali. Kaburi lilikuwa fupi mno, na Asnath alikuwa amesimama ukingoni amekumbatia viatu vidogo vya kandambili.

Walirudi kwa njia ya zamani, ile ya misafara ya kale, inayokwenda kijiji cha Kwihara. Hapo ndipo Amne aliposhindwa kuvumilia. Alisimama katikati ya njia.

"Baba, Baba Asnath aliweka grisi. Aliniambia mwenyewe. Nilijaribu mpini. Niliona nati, niliona grisi mikononi. Waliponiuliza nikasema sijui."

Adinani alimtazama. Amne alingoja kofi, na kofi halikuja. Baba yake aliweka jembe chini na kukaa kwenye jiwe kando ya njia.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananisikiliza."

Adinani alinyoosha mkono kuelekea kule njia inakotoka.

"Njia hii ilileta watu wengi Tabora," alisema. "Kuna waliokuja na biashara, na kuna waliokuja na minyororo. Babu yake babu yangu aliletwa kutoka Manyema, huko Kongo, amefungwa. Alizeeka hapa, akazikwa hapa, na mpaka siku anakufa waliendelea kumwita mtu wa kuja. Wazee wetu walilia kwa jina hilo, Amne. Nalijua hilo tangu nikiwa mdogo kama wewe. Halafu Anton alipozuiwa maji, nilikaa na spana zangu, nikasema hayanihusu. Siku zote hizo nilikuwa na ndoo nyumbani, ningeweza kumpelekea." Alikohoa. "Bi Julieth ameitisha mkutano keshokutwa. Utasema. Mimi sitakusemea."

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya mtaa. Safari hii hapakuwa na muziki wala soda. Anton na Advera walikaa kwenye benchi la pembeni, na Asnath katikati yao. Viti vilivyokuwa jirani nao vilibaki wazi mpaka Adinani alipokwenda kukaa.

Bwana afya ndiye aliyeanza. Alisema maji ya bomba yamepimwa na yamekutwa na kinyesi. Choo cha nyumba ya kupangisha kilichimbwa juu ya bonde, karibu mno na bomba. Mvua zilipokijaza, uchafu ulipenya ardhini ukaingia kwenye kisima kilicho chini ya bomba. Bomba lingefungwa, kisima kingetiwa dawa, na choo kile lazima kifukiwe. Hapakuwa na sumu yoyote.

Watu waligeuka kumtazama Mzee Ngollo. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilikuwa nimepanga kukihamisha," alisema taratibu.

"Na kopo je?" aliuliza mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Choo ni choo, lakini kopo lilionekana!"

Ndipo Amne aliposimama. Mama yake alimvuta gauni, "Kaa chini wewe," lakini Amne hakukaa.

"Lilikuwa kopo la grisi," alisema.

"Hatusikii!"

"Lilikuwa la grisi!" Sauti aliyozoea kughania haikuja, ilitoka sauti ya mtoto anayelia. "Baba Asnath alilainisha bomba ili lisiwaumize mabega. Aliniambia, nikajaribu mpini. Mliponiuliza nikasema sijui. Nilijua. Nilijua siku zote."

Mwamvita alijifunika uso kwa kanga. Kisha mwanaume mmoja aliinuka akapiga kelele, "Mtoto huyu achapwe viboko hapa hapa! Ametuua!"

"Kaa chini, bwana," alisema Bi Julieth. Alikuwa mwanamke mpole, na hawakuwahi kumsikia akisema kwa ukali ule. "Mtoto amekosa, na ameungama mbele yenu. Lakini ninyi mliomfukuza mtu bombani, nani awachape? Mliomkimbia mama mwenye mgonjwa? Amne alisema nusu tu. Nusu ya pili mliijaza wenyewe, tena haraka, kwa sababu mlikuwa nayo tayari vifuani. Angekuwa ni mtu mwingine aliyeonekana na kopo, mngemuuliza, 'Ndugu, unatengeneza nini?' Kwa Anton hamkuuliza. Na mimi nimo. Nilileta nyimbo na soda, nikaandika kwamba mtaa huu umeelimika. Sikuwahi kufika nyumbani kwa Advera hata kunywa maji."

Mzee Ngollo alisimama kwa shida. Alivua kofia yake, akaishika mikononi. "Anton, mdogo wangu," alisema. "Choo ni changu. Amri ilikuwa yangu. Nimekukosea wewe na mkeo, na sina namna ya kulipa. Useme unachotaka."

Watu wote walimgeukia Anton. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Nataka maji," alisema. "Mke wangu hajaweza kufua nguo za mtoto. Nataka maji, basi."

Hapo ndipo watu walipoanza kulia. Lakini aliyeinuka wa kwanza alikuwa Mwamvita. Hakumtazama mtu. Alikwenda nyumbani, akarudi na ndoo ya maji aliyoyachemsha asubuhi, akapita nayo kichwani katikati ya mkutano mpaka kwa Advera. Aliitua, akapiga magoti. Advera hakumwinua, wala hakumfukuza. Aliitazama ile ndoo tu.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Choo kilifukiwa. Maji yaliletwa na pikapu ya Yusufali kwa mapipa mpaka kisima kilipotiwa dawa na kupimwa tena. Kamati ya maji ilichaguliwa upya, naye Advera akawekwa humo, akawa mshika ufunguo wa bomba. Bi Julieth aliibadili Klabu ya Ujirani Mwema. Watoto sasa walikwenda majumbani wawili wawili, kwa wazee, kwa wagonjwa, kwa waliohamia karibuni. Walijifunza kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, na kula walichokuta. Waendesha bodaboda walikubaliana kwamba mgonjwa hakataliwi, awe wa nani. Mtaani likawekwa na jambo jingine: mwenye shutuma aiseme mbele ya anayeshutumiwa, naye asikilizwe kwanza. Havikutimia vyote kwa mara moja. Wapo waliosema "Mkimbizi" kwa mazoea, kisha wakajiuma ulimi. Wapo ambao hawakujiuma.

Asnath hakumsemesha Amne. Dawatini hakuwa tena peke yake, lakini Amne alipopita aligeuza uso. Mwamvita alimtuma Amne kila Jumamosi kumsaidia Advera kazi, na Amne alikwenda. Aliosha vyombo, alifagia uwanja, alipepeta mchele. Advera alimwonyesha kazi kwa kidole tu, bila maneno.

Jumamosi moja, baada ya mavuno ya mahindi, Advera alimwita akae kwenye mkeka.

"Sitakudanganya kwamba nimesahau," alisema. "Nikikuona wewe namwona Godbless. Asubuhi nyingine nakusikia unafagia, natamani uondoke."

Amne aliinama. "Nisamehe, mama."

"Nasikia. Kusamehe ni safari, na mimi bado niko njiani. Lakini kukuchukia hakunirudishii mtoto, na kukufukuza hakutakufundisha kitu. Kwa hiyo nisikilize. Jambo ukiliona, liseme lote, hata kama ukilisema lote hakuna atakayegeuka kukutazama. Nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo, maana watu huiamini. Na ukiwakuta watu wamempa mwenzao jina baya, usiongeze lako. Jina baya ni kuni zilizokwisha kukauka. Zinangoja kiberiti tu. Siku ile wewe ulikuwa kiberiti, lakini kuni zilipangwa na wakubwa. Ukikua, usije ukazipanga. Ukizikuta zimepangwa, zitawanye. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Advera alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasogeza ndoo iliyokuwa karibu naye.

"Basi kachote," alisema. "Asnath yuko bombani, na ndoo zile ni nzito kwa mtu mmoja."

Amne aliichukua ndoo akashuka bondeni. Foleni ilikuwa ndefu. Asnath alikuwa katikati yake, ameipa njia mgongo. Amne hakujua kama ataitikiwa, lakini alikwenda akasimama nyuma yake, akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, Asnath."

Asnath hakugeuka. Foleni ilisogea, ikasogea tena. Zamu yake ilipofika aliweka ndoo chini ya bomba, akarudi nyuma kidogo, akamwachia Amne mpini.